Wiki Isiyo na M

Wiki ile nyumbani kwa Verlin Stouffer hapakuwa na herufi M. Jumapili ilikuwepo, Jumatatu alfajiri ikatoweka, na haikutarajiwa kurudi mpaka Jumamosi jioni, futiboli ya Kimarekani ikishakwisha na chuo chetu kikishawanyoosha wale wa kaskazini. Jina la jimbo lao linaanza na herufi hiyo, basi katika mji wa Corwell, Ohio, watu huikata popote wanapoikuta. Hubandika utepe mwekundu juu yake kwenye vibao vya maduka, kwenye mlango wa benki, kwenye kalenda za jikoni. Kanisani mchungaji mwenyewe ndiye hushika ngazi.

Wengi huishia kwenye maandishi. Verlin alizidisha, hata mdomoni aliikwepa kila alipoikumbuka. Bahati yake alizaliwa na Kiingereza. Angekuwa anasema Kiswahili asingeweza kuita mtu, mke, mtoto wala mpira, angekaa kimya siku sita nzima, na mkewe Joretta angepata likizo aliyoingoja miaka kumi na nane.

"Abel, nisogezee viazi," alisema mezani Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akiwa ameshabaki mifupa.

"Naitwa Mabel," alijibu bintiye wa pekee, mwenye miaka kumi.

"Jumapili utaitwa hivyo."

"Ni jina la mama yangu mzazi, Verlin," Joretta alisema. "Kila mwaka nakwambia."

"Na kila mwaka namheshimu mama yako wiki hamsini na moja. Nani mwingine anamheshimu mama mkwe kiasi hicho?"

Verlin alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Kutwa alijilaza kwenye vyumba vya chini vya watu, tochi mdomoni, na saa zote hizo hakuwa na wa kuongea naye, kwa hiyo maneno yaliyolimbikizana aliyamwaga mezani. Alikuwa na maoni. Kocha wa chuo anayeupiga mpira mbali kwa mguu huku amebakiza yadi moja tu ili timu yake iendelee kuushika ni mwoga, na watoto wake watakuwa waoga. Vijana wa vyuo walipwe, sawa, wanavunjika magoti kwa ajili yetu, lakini kuhama chuo kila mwaka kama wapangaji ni aibu. Mashindano ya mwisho wa msimu yameongezewa timu mpaka yanafanana na foleni ya supu ya bure. Haya yote aliyasema kila Alhamisi ya sikukuu, kwa mpangilio uleule, na Joretta alikuwa akiyasema naye kimyakimya huku akifuta meza.

Juu ya watoto alikuwa na maoni mengine, na hayo aliyatenda. Alikuwa kocha wa timu ya basketi ya wasichana wa miaka kumi, kazi ya kujitolea, aliyoipata kwa sababu kwenye mkutano wa wazazi alisema sana. Mtoto wa umri huo asifundishwe kulinda kwa kanda, kila mmoja kipande chake cha uwanja, afundishwe kumkaba mtu wake. Mzazi anayempigia refa kelele akakae kwenye gari. Na zaidi ya yote, kwenye timu ya Verlin Stouffer hakatwi mtu. Wasichana wanane walijiandikisha, wanane walicheza, hata kama mmoja wao alikuwa akiukimbia mpira badala ya kuukimbilia.

Huyo aliyeukimbia alikuwa Mabel. Msimu mzima hakuwa amefunga hata pointi moja. Jumatano mazoezini alinyang'anywa mpira mara nyingi, mara ya mwisho na Tessa, aliyepangwa upande wake na aliyemwonea huruma akaamua kumsaidia kuubeba, na Mabel akamkimbiza. Verlin alipaza sauti mbele ya wote, "Abel! Wewe uko upande gani?" Wasichana walicheka. Mabel naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo.

Jioni ya Alhamisi alimkuta baba yake kwenye meza ya jikoni akijaza orodha ya wachezaji wa mashindano ya Jumamosi. Verlin aliandika kwa kalamu nyeusi, kisha akashika nyekundu.

"Baba, mimi nitacheza?"

"Kila mtu atacheza," alisema bila kuinua kichwa.

Mabel alisimama pale kidogo, labda akingoja neno jingine. Halikuja, akaenda kulala.

Kesho yake Verlin aliitumbukiza karatasi kwenye sanduku la barua la Bi. Vandermeer, katibu wa ligi, akaondoka haraka kama mtu aliyechokoza mbwa. Bi. Vandermeer alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa ameishi Corwell miaka thelathini na minne, amefundisha nusu ya mji kusoma, lakini alizaliwa kaskazini na kusoma chuo kile kile kisichotajwa. Mchana simu ya Verlin iliita. Akaliangalia jina, akaigeuza kifudifudi.

"Si Bi. Vandermeer huyo?" Joretta aliuliza. "Pokea basi."

"Wiki hii sipokei simu za kaskazini."

"Anakaa mtaa wa tatu, Verlin!"

"Moyo wake haukai mtaa wa tatu."

Simu iliita tena saa kumi, ikanyamaza yenyewe.

*

Jumamosi saa tatu kasoro asubuhi ukumbi wa shule ya msingi ulikuwa mwekundu mtupu. Futiboli ingeanza saa sita kamili, na watu walikuwa wamekuja na jezi nyekundu za chuo kabisa, ili watoke kwenye basketi ya watoto waende moja kwa moja kwenye runinga. Mabel alitangulia kuingia na begi lake. Mlangoni nakala za orodha za timu zilikuwa zimebandikwa. Alisimama, akasoma, akasogea karibu akasoma tena, halafu akaingia ndani bila kumngoja mtu.

Verlin alikuwa bado anapakua mipira kwenye pikapu alipoitwa mezani. Bi. Vandermeer alikuwa ameketi nyuma ya saa na kitabu cha pointi, miwani puani, na shingoni skafu ya njano na bluu, rangi za chuo chake cha kaskazini. Katika ukumbi ule ilionekana kama mtu amesahau kuzima taa.

"Kocha Stouffer. Una wachezaji watatu," alisema. "Kwa watatu mchezo hauanzi."

"Wanane. Wako pale, wahesabu."

"Mimi nahesabu karatasi." Alimsogezea. "Tessa, Brooklyn, Joy. Wengine watano umewafuta."

Verlin aliitazama kazi ya mkono wake. Mabel, Amelia, Kimber, Naomi, Emmy: kila palipokuwa na M palikuwa na msalaba mwekundu mnene, na visanduku vya karatasi ile vilikuwa vidogo kiasi kwamba msalaba ulilala juu ya nusu ya jina. Emmy alikuwa amekatwa mara mbili.

"Hii si kufuta! Hii ni... unajua hii ni nini."

"Kifungu cha nne: alama yoyote juu ya jina ni kumwondoa mchezaji. Nikajiuliza, watoto hawa wamemkosea nini Verlin? Nikakupigia. Mara mbili."

"Niliona."

"Uliona."

"Sasa Bi. Vandermeer, wewe mwenyewe unajua ni wiki gani."

"Najua sana. Jana nimekuta utepe kwenye sanduku langu la barua, na namba yangu ya nyumba haina hata herufi." Aliweka kalamu mezani. "Kifungu hichohicho kinaruhusu kocha kumrudisha mchezaji kabla ya filimbi. Aandike jina upya kwa mkono wake, zima, na alisome kwa sauti mbele ya meza, mchezaji amesimama kando yake."

"Zima?"

"Kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na katikati pia."

Kocha wa timu pinzani, jitu moja la watu liitwalo Duane, alikuwa amesogea kusikiliza, na sasa alijishika mbavu. Angeweza kudai ushindi wa bure akaenda zake nyumbani mapema. "Aaa, mimi siondoki," alisema. "Hii lazima niione kwa macho yangu. Mke wangu! Lete simu, urekodi!"

Verlin alikuwa anafikiria namna ya kulisoma jina la Kimber kupitia puani Joretta alipofika akihema.

"Mwanao amejifungia chumba cha kubadilishia nguo. Amevua viatu."

"Mchezo ni baada ya dakika kumi na tano, anavua viatu vya nini?"

"Kwa sababu amesoma mlangoni, Verlin. Jina lake limekatwa, na mwandiko wako anaujua. Anasema umemtoa kwenye timu kwa sababu ya Jumatano."

Joretta alimwona akibadilika rangi, na hakumwonea huruma hata kidogo.

"Si nimesema kwenye timu yangu hakatwi mtu?"

"Umesema. Halafu ukamkata."

*

Mlango wa chumba cha wasichana baba haingii. Verlin alisimama nje, paji la uso likigusa mbao, mtu mzima mwenye kofia ya chuo na filimbi shingoni. Kutoka ndani alisikia minong'ono, kwa kuwa wasichana wengine wanne waliokatwa walikuwa wamemfuata mwenzao kumliwaza, na wawili kati yao walikuwa wameshaanza kulia kwa niaba yao wenyewe.

"Abel! Fungua mlango, ni mimi."

Aligonga mara mbili.

"Abel, unanisikia?"

"Humu hakuna Abel," sauti ya Mabel ilisema. "Umekosea mlango."

Verlin alivua kofia. "Sikiliza, mwanangu. Ule msalaba si wa kwako. Ni wa ile herufi. Nimewakata wote wenye nayo, wala sikufikiri."

"Emmy umemkata mara mbili!"

"Kwa sababu anazo mbili."

Ndani mtu alicheka puani, akanyamazishwa.

"Jumatano nilipoteza mpira mara sita," Mabel alisema.

"Saba."

"Ulihesabu?"

"Kocha anahesabu. Na ile ya saba ulimkimbiza aliyekunyang'anya mpaka mwisho wa uwanja. Mwanzo wa msimu ulikuwa unasimama unamwangalia. Hiyo nayo niliiona, nikaona haya kuisema mbele ya wenzako, watasema nakupendelea. Nikaona heri nikuchekeshe. Nilikosea, mwanangu. Nimekosea wiki nzima."

"Basi niite."

"Nakuita hivi sasa."

"Niite jina langu."

Kwenye korido palikuwa na akina baba watano wakinywa kahawa, wote jezi nyekundu, wote wakijifanya wanasoma tangazo la chawa wa kichwani. Verlin aliwatazama. Akashusha sauti, akalisema.

"Sijasikia," Mabel alisema.

"Mabel."

"Emmy naye hajasikia."

"Mabel!" alipaza sauti, na kikombe cha mmoja wa wale kikamwagika. "Mabel Stouffer, mwanangu, toka nje, nakuhitaji!"

Kitasa kilizunguka. Alitoka na soksi, viatu mkononi, macho mekundu, na nyuma yake wenzake wanne kama mashahidi. Verlin alipiga magoti kwenye sakafu akamfunga kamba za viatu, kazi ambayo Mabel alikuwa akiifanya mwenyewe tangu darasa la kwanza, na siku hiyo alimwachia.

*

Kusomwa kwa majina watu wa Corwell wanakuelezea mpaka leo, na kila anayeelezea huongeza chake. La hakika ni kwamba Verlin aliandika yote matano kwa herufi kubwa, akasimama mbele ya meza, akaanza. Alipofika kwenye M ya Amelia ukumbi mzima ulimzomea. Kwa Kimber wakapiga miguu chini. Kwa Naomi bibi mmoja wa miaka themanini alimrushia bisi. Kwa Emmy alilazimika kungoja katikati ya jina kelele zipungue. Kila msichana aliyetajwa alipandisha mikono kama bondia, akazomewa na kushangiliwa kwa pumzi moja, na Bi. Vandermeer alisikiliza amefumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

"La mwisho," alisema.

"Mabel," Verlin alisoma, mkono wake begani kwa mwanawe. Walizomea kwa nguvu zao zote, na Mabel, ambaye asubuhi ile alikuwa hataki kuonekana na mtu, aliinama akawashukuru kama mwigizaji.

"Orodha imekamilika," Bi. Vandermeer alisema akigonga muhuri. "Asante, Kocha. Miaka thelathini na minne nimeingoja."

"Usiizoee."

Wakacheza. Labda ni ile zomeazomea iliyowapasha moto, maana wale wasichana hawakuwahi kukaba vile. Duane alibaki anapiga kelele, "Jamani, kwani amewapa nini?" na Corwell wakashinda kumi na sita kwa kumi na tatu, ushindi wao wa pili msimu mzima. Wasichana walimrukia Verlin wakamwangusha. Alipoinuka, Joretta alikuwa anamwonyesha ratiba ukutani.

Aliyeshinda mchezo wa kwanza anacheza fainali. Fainali ilikuwa saa sita kamili.

Verlin aliisoma mara mbili. Tangu akiwa na umri wa miaka tisa hakuwa amekosa hata dakika moja ya futiboli ile. Siku ya harusi yao walikuwa wameisogeza kwa sababu yake.

"Nenda kaangalie," Joretta alisema. "Nitakaa mimi kwenye benchi. Maoni yako yote nayajua kwa kichwa."

Alikuwa hatanii, na Verlin alijua kwamba asingemlaumu. Aliangalia upande wa benchi. Mabel alikuwa anamwonyesha Joy namna ya kumkaba mtu bila kumshika, kwa maneno yaleyale ya baba yake, hata na kidole kilichoinuliwa.

"Mimi ni kocha," Verlin alisema. "Kocha haachi timu." Halafu akampa simu yake. "Iweke kwenye mkoba. Chini kabisa, chini ya taulo."

Saa sita ilipofika, ukumbi wote uliinamisha vichwa. Majukwaa yalijaa watu walioketi wakitazama mapajani mwao, na simu mia moja zikinong'ona mchezo mmoja kwa kupishana nusu sekunde. Kwenye uwanja timu ya Pruitt, wasichana warefu waliofundishwa vizuri, waliwapelekesha Corwell. Ikawa kumi na mbili kwa mbili. Ikawa ishirini na moja kwa saba. Refa mwenyewe alikuwa anachungulia jukwaani kila akipuliza filimbi.

Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, Mabel alimnyang'anya mpira msichana aliyemzidi kichwa kizima. Alitazama huku na huku kama anayetafuta wa kumrudishia. Halafu akaanza kuudunda, akakosea, akauokota, akaudunda tena, na alipokaribia kikapu alisukumwa akaanguka. Filimbi. Mitupo miwili ya adhabu.

Alisimama kwenye mstari peke yake. Verlin aliinuka kwenye benchi. Alikuwa na mengi ya kumwambia: magoti, kiwiko, usitazame mpira, tazama ukingo wa ringi. Alifumba mdomo wake kwa mkono.

Mabel alitupa. Mpira ulikwenda hewani, ukapita chini ya ringi bila kugusa kitu, na wakati huohuo ukumbi mzima uliruka juu kwa ukelele wa kupasua paa. Watu walikumbatiana. Mtu alimwaga soda. Chuo chetu kilikuwa kimefunga huko kwingine, mbali, na Mabel alisimama akiwatazama, asielewe kwa nini kukosa kwake kunashangiliwa hivyo.

Aligeuka kumtafuta baba yake.

Verlin hakuwa ameruka. Hakuwa amegeuka kuuliza nani kafunga. Alikuwa amesimama palepale pembeni ya benchi, mkono mdomoni, anamtazama yeye. Akamwonyesha kidole kimoja: umebaki mmoja.

Watu walirudi kukaa, wakainamia simu zao kutazama marudio, na ukumbi ukawa kimya. Refa alimpa mpira. Mabel alikunja magoti, akavuta pumzi, akatupa. Mpira uligonga chuma, ukapanda juu wima, ukafikiri, ukaingia.

Hakuna aliyeuona ila watu watatu. Mmoja alikuwa Joretta, aliyeanza kulia. Mmoja alikuwa Bi. Vandermeer, aliyeandika moja mbele ya jina, taratibu, kwa mwandiko wa ualimu. Wa tatu alirusha kofia yake ya chuo juu ya waya za taa, ambako mpaka leo iko, na katikati ya ukumbi ule mwekundu ulionyamaza, saa sita na dakika thelathini na nane ya Jumamosi ileile, akapiga kelele kwa sauti iliyoinua vichwa vyote kutoka kwenye simu:

"Mabel! Mabel! Yule ni mwanangu, jamani, Mabel!"

Mabel alikuwa ameshageuka kukimbia kumkaba mtu wake.